Uzi: Umeambiwa una H. pylori, au karatasi ya majibu ya kinyama ulichokatwa tumboni imeandikwa metaplasia? Njoo hapa tuongee

FundiMaabara_Ugj

Asalaam alaikum jamani. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite arudi usiku akishatulia. Mie kazi yangu maabara hapahapa Unguja, sio daktari, kwahiyo msije inbox kuniuliza dozi. Nimeuanzisha kwasababu kuna sauti zinazunguka kwenye magrupu eti ukipimwa ukakutwa na H. pylori basi saratani ya tumbo ushaipata, inasubiriwa siku tu, na upande wa pili wako wanaosema huyo mdudu kila mtu anaye, hana neno, lamba asali na habasoda ulale. Wote wanapotosha, na wanaoumia ni waliokaa katikati na karatasi mkononi hawajui waishike vipi.

Mdudu mwenyewe anaitwa Helicobacter pylori, bakteria aliyejipinda, ana vimkia vya kuogelea. Mfuko wa tumbo una asidi kali mno, vimelea vingi vikiingia mule vinakufa, yeye anakaa umri mzima wa mtu. Ana kimeng'enya cha yureasi, anachukua urea iliyomo mule anaigeuza amonia, amonia inapooza asidi pale alipo yeye, halafu anajichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo ambako asidi haifiki sawasawa. Wengi tunaambukizwa utotoni, ndani ya nyumba zetu, kwa mate, kwa matapishi, au kwa kinyesi kilichofika kwenye maji na mikono. Ukishampata ni nadra atoke mwenyewe, na wengi walio nae hawahisi chochote mpaka wanaondoka duniani kwa maradhi mengine kabisa.

Zamani madaktari duniani kote walikuwa wanaamini vidonda vya tumbo ni asidi na mawazo, basi, na kwamba bakteria hawezi kuishi tumboni. Robin Warren, mtu wa patholojia (ndo hao wanaosoma vinyama) kule Perth Australia, akaanza kuwaona chini ya hadubini 1979, na 1981 akaungana na kijana mmoja daktari, Barry Marshall. Kuwaotesha maabara ikawa kazi, sahani wanaziangalia baada ya siku mbili hamna kitu wanatupa. Ikaja Pasaka ya 1982, watu sikukuu, sahani zikabaki kwenye inkubeta zaidi ya kawaida, kurudi wakakuta wameota! Kumbe mdudu anaota polepole. Sie wa maabara kisa hiki tunakipenda kupita kiasi kwasababu ni moja ya mara chache katika historia ambapo kuchelewa kusafisha kumeleta Nobel. Na kwavile watu waliendelea kubisha, 1984 Marshall akachukua kikombe cha bakteria hao akanywa mwenyewe, siku chache akawa anatapika na kamera aliyoingizwa tumboni ikaonyesha tumbo limewaka. Nobel wakapewa wote wawili 2005.

Sasa kilichonileta. Mdudu akishakaa, ukuta wa tumbo unawaka kwa ndani, hiyo ndo gastritis, na kila mwenye H. pylori anayo hata kama haumwi. Kwa baadhi, baada ya miaka mingi, tezi zinazotengeneza asidi zinaanza kufa, ukuta unakonda, wanaita atrofi. Kwa baadhi ya hao pale palipokonda panaota seli ambazo sio za pale, seli za utumbo ndani ya mfuko wa tumbo, hiyo ndo metaplasia ya utumbo. Kwa wachache tena seli zinaharibika sura na mpangilio, displasia, na huo ndo mlango wa saratani. Aliyezipanga hatua hizi ni Pelayo Correa, daktari wa patholojia wa Kolombia, tokea miaka ya 1970, na mpaka leo ndo zinazotumika. Ichukulie kama daladala ya Nungwi, njia nzima inachukua miongo ya miaka na kila kituo watu wanashuka, wanaofika mwisho ni wachache sana.

Wachache kiasi gani? Kati ya watu 100 walio na mdudu, wanaopata kidonda chenyewe maishani ni kama 10 mpaka 20, wanaopata saratani ya tumbo ni 1 mpaka 3. Sasa mtu anasikia kwamba 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimuweka mdudu huyu kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku, anapagawa. Kundi lile linasema ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi hatari yako wewe ni kubwa kiasi gani. Vitu viwili tofauti.

Haya karibuni, ila kwa adabu.

Kahawa_Tungu

Nimeusoma wote mkuu. Swali la haraka tu. Pale barazani kwetu vikombe vya kahawa vinasuuzwa kwenye ndoo moja tangu magharibi mpaka saa tano usiku na tunakunywa watu arubaini. Ndo tunagawana mdudu?

FundiMaabara_Ugj

Hahaha yakhe unataka niwaharibie wazee baraza yao. Ukubwani maambukizi mapya yapo lakini ni machache ukilinganisha na utotoni. Kikubwa zaidi ni mtoto kutafuniwa chakula akatiwa mdomoni, choo na kisima kukaribiana, mikono isiyonawiwa kwa sabuni kabla ya kukaa kwenye sinia. Ndoo ile mie ningeihofia kwa mengine kabla ya H. pylori, kipindupindu kwa mfano, na hilo visiwa vyetu havihitaji kukumbushwa. Mwambie muuza kahawa abadilishe maji na atie sabuni, hata kama hayupo huyu mdudu.

BintiWaWete

Asalaam alaikum kaka fundi, na wengine wote. Mie nipo Pemba. Mume wangu ana miaka hamsini na kitu, tumbo linamsumbua muda, anashiba kabla hajala, hapa kwenye chembe panamuwaka. Tukapata rufaa akenda kumeza mpira Dar, wakamkata kinyama, majibu tumeletewa na kijana wetu juzi. Yameandikwa gastritis sugu, metaplasia ya utumbo, H. pylori ipo, displasia hakuna. Hatukuelezwa zaidi, tumepewa dawa tu za kumeza. Tangu siku hiyo shemeji zangu wamekaa kikao wanasema ni saratani ila madaktari wanaficha, wanataka kuuza ng'ombe wawili na kipande cha mikarafuu apelekwe India. Na yeye mwenyewe hasemi, anakaa tu uwani. Naomba unieleze kwa lugha ya kueleweka, ni saratani au sio saratani?

FundiMaabara_Ugj

Waalaikum salaam dada. Kwa hayo uloyaandika, sio saratani. Pathologist akiona saratani anaandika saratani, karatasi ile haifichi, inayofichwa ni ile ya mdomoni. Na hilo neno la mwisho, displasia hakuna, ndo la kushukuru, kwasababu maana yake seli zimehama aina lakini bado zimekaa kwa mpangilio wake.

Uholanzi walikusanya kumbukumbu za watu zaidi ya 90,000 waliokuwa na mabadiliko haya ya ukuta wa tumbo, wakachapisha 2008. Kwa wenye metaplasia, katika watu 1000, waliopata saratani kwa mwaka walikuwa kama 2 au 3. Kwa atrofi tu, kama 1. Kwa displasia kali ndo inaruka, kama 60 kwa mwaka. Unaona tofauti ilivyo? Kwahiyo ng'ombe wabaki bandani kwanza.

Ila sio kusema mlale. Mambo matatu ningeyafuatilia kwa daktari. Kwanza mdudu auliwe na ithibitishwe kafa, nitalirudia hili chini kwasababu ndo watu wanapopotelea. Pili mwulize metaplasia imeonekana wapi, sehemu ya chini tu ya mfuko au imepanda mpaka juu, maana ikiwa imeenea hatari inapanda. Utaratibu mzuri ni vinyama kuchukuliwa sehemu ya chini na sehemu ya kati ya mfuko, na kila sehemu kichupa chake, vikichanganywa kichupa kimoja hatujui tena kipi kimetoka wapi (hili linatuudhi sana sie wa maabara lakini basi). Pia iko metaplasia kamili na isiyo kamili, isiyo kamili ndo ya kuangaliwa zaidi. Tatu, kuna mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliyewahi kupata saratani ya tumbo? Kwa muongozo wa Ulaya, ikiwa metaplasia iko sehemu moja tu, ni ile kamili na hakuna historia kwenye familia, hata kurudia kamera si lazima. Ikiwa imeenea, ndo wanasema kila miaka 3.

Na mfanye atoke uwani dada. Mtu akikaa na neno saratani peke yake linamla kabla ya maradhi.

BintiWaWete

Allah akulipe. Nimemsomea mwenyewe hapa. Kaniambia "soma tena pale pa ng'ombe".

Mkarafuu_Mtambwe

Mie nna kesi. Nimeshakunywa dawa za huyu mdudu si mara moja si mbili, kila nikimaliza nakwenda kliniki moja ya binafsi wananitoboa kidole, mstari mbili, wananambia bado upo, wananipa pakti nyengine. Pesa nimetoa mpaka nimechoka, mdomo unanuka chuma, na mke anasema nimekuwa mkali. Huyu mdudu wangu ana nini? au ni jini

FundiMaabara_Ugj

Si jini shekhe, ni kipimo. Hapa naomba kila mtu asome taratibu.

Kile cha kutoboa kidole kinatafuta kinga za mwili, yaani alama kwamba mwili wako uliwahi kukutana na mdudu. Mdudu akifa kinga zinabaki kwenye damu miezi, hata miaka. Kwahiyo kumpima mtu baada ya dawa kwa kipimo kile ni kazi bure, kitasema ndio tu. Inawezekana wewe ulipona kwenye pakti ya kwanza na hizo nyengine zote umekula antibayotiki za watu bure. Sisemi kwa hakika, nasema kile kipimo hakiwezi kukujibu.

Vinavyojibu ni kipimo cha choo kinachotafuta chembechembe za mdudu mwenyewe, au cha pumzi, kile unakunywa maji yenye urea iliyowekewa alama halafu unapuliza kwenye kifuko, kama mdudu yupo yureasi yake inaivunja urea na alama inatoka kwenye pumzi. Cha pumzi huku kwetu kukipata ni tabu, cha choo ndo chepesi. Au kamera na kinyama. Na wakati wa kupima ni angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazo na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi, uwe umeziacha wiki 2, kwasababu zinamnyamazisha mdudu bila kumuua na kipimo kinasema hayupo kumbe kajificha.

Kuna na jambo jengine ambalo hata wenye fani wengine hawalijui, kwamba mtu mwenye atrofi na metaplasia iliyoenea sana mdudu mwenyewe anapungua, hapendi ukuta ule, kwahiyo kipimo kinaweza kutoka safi na madhara yapo palepale.

Mkarafuu_Mtambwe

Kumbe!! basi ile kliniki inanidai radhi. Ntapima choo.

TibaAsili_Makunduchi

Mnazungusha maneno ya vitabuni. Bibi yangu kaishi miaka tisiini kwa habasoda, asali mbichi na maji ya ndimu asubuhi, hajawahi kuingizwa mpira. Madawa ya hospitali yanaua ini. Mwenye vidonda aje nimpe dawa ya siku saba, malipo baada ya kupona.

FundiMaabara_Ugj

Bibi Mungu amrehemu. Habasoda sina ugomvi nayo, yako majaribio madogo walichanganya habasoda na omeprazo na baadhi yakatoa matokeo ya kutia moyo, lakini madogo, na yenyewe kwa kipimo maalumu na mdudu akapimwa baadaye. Wewe wateja wako unawapima nini baada ya siku saba? Maumivu kutulia sio mdudu kufa, omeprazo peke yake inatuliza maumivu kwa wiki na mdudu yupo anakula maisha. Na ndimu kwa mtu ambaye ukuta umeshachubuka unamuongezea moto tu.

Tangazo la biashara nimeliacha ili watu waone ulivyojibu, ukiendelea modi atakutoa.

Mama_Nesi_Mstaafu

Shikamooni wote wakubwa, na wanangu marhaba. Nimefanya kazi wodini miaka mingi naomba kuongeza maana fundi kazungumzia vipimo, vidonge ndo vinavyowashinda watu.

Dawa za huyu mdudu sio moja. Kuna ile ya mchanganyiko wa tatu, omeprazo au mwenzake, amoksilini na klarithromaisini. Na kuna ile ya nne, omeprazo, bismathi, tetrasaiklini na metronidazo. Siku hizi wanasema siku 14, sio 7 kama zamani. Tatizo la ile ya tatu ni kuwa mdudu ameshazoea klarithromaisini mahali pengi duniani, WHO 2017 walimuweka huyu sugu wa klarithromaisini kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Na metronidazo huku Afrika tumeila kwa kila kuharisha, nayo imechoka. Ndo maana wanachanganya nyingi kwa pamoja. Bismathi kwenye maduka yetu mara ipo mara haipo, daktari ndo ataangalia.

Wanangu wanaacha siku ya tano. Kwanini? Kichefuchefu, mdomo mchungu kama umelamba sarafu, tumbo kulegea. Yote hayo yanapita. Ukiacha katikati umemfundisha mdudu, na raundi ya pili itakuwa ngumu zaidi. Bismathi inafanya choo kuwa cheusi na ulimi pia, usiogope, vidonge vya madini ya chuma navyo hivyohivyo. LAKINI kama hutumii hivyo viwili na choo kinatoka cheusi kama lami kinanata na harufu kali, hiyo ni damu kutoka juu, usingoje asubuhi. Na pia kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, kushindwa kumeza, kukonda bila sababu, kutapika kila ukila, damu kupungua na huelewi inakwenda wapi. Mwenye hayo asipimwe choo akapewa dawa akarudi nyumbani, huyo aende kwenye kamera.

Mjamzito amwambie daktari kabla, tetrasaiklini sio yake wala ya watoto wadogo. Wenye kutumia dawa za kolesteroli waseme pia, klarithromaisini inagombana na baadhi yake vibaya. Na wale mabingwa wa kumeza diklofenaki na ibuprofeni kwa mgongo kila siku, nyinyi na mdudu mnafanya kazi moja ya kuchubua tumbo.

FundiMaabara_Ugj

Shikamoo mama. Hapo umemaliza, sina la kuongeza.

Ubishi_Forodhani

Mie nabisha kidogo. Wazee wetu wamekula papa wa chumvi na ng'onda maisha yao yote, pilipili na achari kwenye urojo kila jioni, maji ya kisima, mdudu huyo bila shaka walikuwa nae. Mbona saratani ya tumbo hatukuwa tukiisikia kama wanavyoisikia Wajapani? Ama mdudu anasingiziwa?

FundiMaabara_Ugj

Ubishi mzuri huu, na wataalamu wenyewe wamebishana hapahapa. 1992 kuna daktari aliandika akaita fumbo la Afrika, yaani mdudu amejaa kila mahali lakini saratani ya tumbo inaonekana kidogo. Wengine wakajibu kwamba kamera zilikuwa hazipo na watu walikuwa wanakufa mapema, saratani hii inapenda wazee, kwahiyo sehemu ya fumbo ni kutotafuta. Nnaona wana hoja, maana mtu akifia kijijini kwa "tumbo" hakuna aliyeandika tumbo gani.

Lakini sio yote. Ngoja nikupe Kolombia. Kuna mji wa pwani unaitwa Tumaco na mji wa milimani Túquerres, mkoa mmoja, mdudu kote amejaa, ila hatari ya saratani ya tumbo kule mlimani ni kama mara 25 ya pwani. Watu wa pwani wengi wana asili ya Afrika na mdudu wao pia wa asili ya Afrika, wamezoeana kwa maelfu ya miaka. Mlimani watu wengi ni wenyeji wa Amerika waliopokea mdudu aliyekuja na wageni, na pale asili ya mdudu na ya mtu anayemkaa zisipofanana ukuta unaharibika zaidi. Halafu sio kila mdudu ni sawa, wenye jeni inayoitwa cagA wana kitu kama sindano wanaichoma seli yako na kuitia protini yao ndani, hao ndo wakali, na hata miongoni mwao wa Asia ya mashariki wanazidi.

Na chumvi unayoitaja wewe ndo kinyume na unavyodhani. Vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi vinaongeza hatari, Wajapani na Wakorea samaki wa chumvi na mboga za chumvi ndo chakula chao. Papa siku ya Ijumaa hana neno, ila papa kila siku pamoja na sigara na mdudu wa cagA, hapo unajitafutia. Pilipili peke yake inawasha tu, ushahidi wa saratani sio wa kuushika.

Mpemba_Kindakindaki

Kuna mtu aliwahi nambia eti minyoo inasaidia. Kweli au ndo kutucheka Wapemba?

FundiMaabara_Ugj

Wallahi si kukucheka, ni nadharia ya kweli. Mtu mwenye minyoo mwili wake unapambana kwa staili nyengine, kinga zinaelekea upande mwengine na ule moto kwenye ukuta wa tumbo unapungua makali. Kule Tumaco watoto walikutwa na minyoo zaidi kuliko wa mlimani, na wako wanaosema ni sehemu ya jibu. Sasa nyinyi mmekaa na kichocho na safura vizazi na vizazi, mpaka ikajengwa maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi 2000 kwa maradhi kama hayo. Ila usiache kumeza dawa ya minyoo eti unajikinga na saratani, safura inakunyonya damu leo, saratani ni labda ya miaka arubaini ijayo.

Mpemba_Kindakindaki

Basi minyoo yangu ntaiaga kwa heshima 😂

UstadhMdogo

Asalaam alaikum. Mchango wa dini na swali. Ramadhani ikiingia na mtu yuko katikati ya dozi ya mara nne kwa siku afanye nini? Wengi wanavigandisha vyote daku na futari.

Mama_Nesi_Mstaafu

Waalaikum salaam mwanangu. Kuvigandisha ndo kosa, ile ya mara nne inataka igawike. Mgonjwa asiye na dharura amwambie daktari mapema, ama aanze baada ya Idi, ama apewe ile ya mara mbili kwa siku inayoingia kwenye futari na daku. Mwenye kidonda kinachotoka damu huyo ni mgonjwa, ruhusa ya kula anayo, na hilo ustadh unalijua kuliko mie. Na futari jamani, mtu kafunga tumbo tupu anaanza na katlesi, bajia na pilipili.

Kahawa_Tungu

Swali la mwisho langu. Hivi mdudu akishauliwa, ule ukuta unarudi kama zamani?

FundiMaabara_Ugj

Moto unazimika, gastritis inatulia kwa miezi. Atrofi kwa baadhi inarudi kiasi. Metaplasia mara nyingi hairudi, inasimama pale, na kusimama ndo tunachotaka. Ndo maana kumuua mapema kabla ya metaplasia kuna faida kubwa zaidi. Kuna visiwa vya Taiwan vinaitwa Matsu, kuanzia 2004 walipima na kutibu watu wazima wote, na saratani mpya za tumbo zikashuka kama nusu. Visiwa, jamani, kama sie. Mie hiyo hainitoki kichwani. Hapa kwetu bajeti zinakwenda kwengine na sio kwamba hayo mengine hayana haki, ila kipimo cha choo kwa wenye ndugu waliokufa kwa saratani ya tumbo si kitu cha kushindwa.

Nimesahau, wenye atrofi iliyoenea waangalie na vitamini B12, tumbo likikonda haifyonzwi vizuri, mtu anachoka, miguu inapata ganzi, anaambiwa sukari kumbe sukari hana. Na kuna aina moja ya saratani ya tezi za kinga tumboni, limfoma ya MALT, ambayo ikishikwa mapema wagonjwa wengi inapotea kwa kuuliwa mdudu tu, bila mionzi wala dawa za saratani.

BintiWaWete

Kaka samahani narudi. Mume wangu anamaliza dozi karibuni. Nimehesabu hizo wiki 4 ulizosema. Nina mawili, watoto niwapime? na hizo wiki 2 bila omeprazo kiungulia kikimshika usiku afanyeje maana hawezi kulala.

FundiMaabara_Ugj

Watoto wasioumwa chochote waache. Wewe mwenyewe ukitaka kupima choo pima, ukiwa nae utibiwe, mnakula sinia moja. Wakubwa wake na ndugu zake wakiwa na dalili alizotaja mama nesi, hao waende.

Kiungulia, zile za magnesiamu za kutafuna anaweza kutumia, ila siku ya kipimo asitumie. Asile akalala palepale, chakula cha usiku kiwe baada ya magharibi sio saa nne. Mto uwe juu kidogo.

Na choo akichukue asubuhi kwenye kichupa kisafi cha maabara, kisichanganyike na maji wala mkojo, kifike siku ileile. Mkiona boti au gari itachelewesha kiwekeni kwenye friji. Andikeni jina na tarehe kwenye kichupa chenyewe, sio kwenye kifuniko, vifuniko pale mezani kwetu vinabadilishana.

BintiWaWete

Kwenye kichupa sio kwenye kifuniko. Nimeandika.